Vespa ya mzee imetoka stoo: isafishe yote kabla hujafikiria rangi

Swali la msomaji wa mtaa wa Umoja, Nairobi: "Habari fundi. Mzee wangu amenipa Vespa 150 yake ya miaka ya sabini, imekaa stoo ushago tangu nikiwa mtoto. Juu ni buluu imebabuka, penye imechubuka naona kama kuna nyeupe chini, sakafu ina kutu na huko chini kote ni grisi na matope yameshikana. Nimeileta hapa kwa ploti. Fundi mmoja wa barabarani anasema nimpelekee aipulize 2K, ile rangi ya kuchanganywa na hadina ya kuigandisha, siku mbili itoke mpya. Mimi natamani kuifanya mwenyewe polepole hapa nyumbani. Nianzie wapi, na rangi naweza piga mwenyewe ama nimwachie?"

Dada yangu, asante sana kwa swali, na mshukuru mzee kwa niaba yetu sote kwa kuitunza hiyo mashine badala ya kuiuza kwa watu wa vyuma vikuukuu. Jibu fupi ni kwamba usipige rangi saa hii, wewe wala huyo fundi. Isafishe kwanza, yote, mpaka ndani kwenye uchafu haujaguswa tangu mzee aipaki, alafu ndio utajua kama inahitaji rangi nzima, ama inahitaji vipande tu, ama rangi ya kiwandani bado iko hapo chini inangoja kufunuliwa. Ukianza na rangi utakuwa umeamua kabla ya kuona, na kwa Vespa hiyo ni hatari kuliko kwa pikipiki ya kawaida, nitakuambia kwa nini.

Vespa haina fremu. Corradino D'Ascanio aliyeichora kwa ajili ya kampuni ya Piaggio kule Italia alikuwa mhandisi wa ndege, na ile ya kwanza ilipotoka 1946 bodi yenyewe ya bati ndio ilikuwa inabeba uzito wote, hakuna mabomba ndani kama ile skuta ya Lambretta ambayo ina bomba la chuma katikati na mabati yamefungwa juu yake kwa bolti. Maana yake ni nini kwako? Ni kwamba ile kutu ya sakafu unayoiona sio urembo umeharibika, ni mfupa wa pikipiki unaolika. Mtu akiifunika na fila, ule uji mzito wa kuziba mabonde ya bati, na rangi inayong'aa itaonekana poa kwa picha, alafu siku moja unapanda bampu pale Outering sakafu inalegea ukiwa na abiria nyuma. Ndio maana siku mbili hazitoshi, hata kama huyo fundi ana mkono mzuri kiasi gani, juu hakuna mtu anaweza kusafisha, kukagua, kuchomelea, kukausha na kupuliza Vespa ya umri huo kwa siku mbili bila kuruka kitu.

Kabla hata ya maji, chukua simu upige picha. Piga kila upande, kila waya, kila kebo inapopita, kila bolti kabla hujaifungua, na ukishafungua weka kwa mfuko mdogo na uandike jina na mahali ilitoka. Alafu fungua mashavu mawili ya pembeni, utafute namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati huko nyuma ya bodi, ya miaka hiyo ya 150 huwa inaanza na herufi kama VBC ama VLB, na ulinganishe na logbuku ya mzee herufi kwa herufi. Hiyo namba uilinde kama kitambulisho chako, usiipige grainda, usiipake fila, na mtu yeyote atakayekusaidia umwambie mapema asiiguse. Nimeona pikipiki nzuri sana zikikwama kwa inspekshoni kwa sababu namba ilizikwa chini ya rangi nzito na haisomeki, na kuthibitisha kwamba hukuiba kitu cha baba yako ni safari ndefu isiyo na sababu.

Sasa usafi wenyewe. Najua kishawishi cha kwanza ni kuisukuma mpaka kwa carwash hapo stage wakuoshee na ile mashine ya presha, tafadhali usifanye hivo. Ile presha inaingiza maji kwenye beringi, kwenye sumaku na koili za moto upande wa feni, ndani ya honi, na mbaya zaidi inasukuma matope kwenye lile handaki la katikati ya sakafu mahali kebo za gia na breki zinapita, na huko maji yakishaingia yanakaa miezi. Toa betri kama iko, mwaga petroli ya zamani kwenye mtungi (usimwage kwa mtaro, na usiitumie tena, inanuka kama vanishi kwa sababu imeshaoza), ziba mdomo wa kabureta na tundu la ekzosi na tambara lililofungwa nailoni, alafu anza kukwaruza ule uchafu mkavu na kipande cha mbao ama plastiki. Usitumie bisibisi, inachora bati na inachora aluminiamu ya injini.

Ile grisi iliyoshikana na matope chini ya injini ni tabaka mbili tatu za miaka, itakataa sabuni. Wengi huku wanatumia petroli kuosha, na nakuomba kwa moyo wote usitumie, hasa kwa ploti yenye jiko la makaa liko mlango wa pili. Petroli inatoa mvuke unaowaka hata kukiwa na baridi kali, mvuke huo ni mzito unatambaa chini mpaka ufikie moto. Mafuta taa ama dizeli inafanya kazi hiyo hiyo taratibu kidogo na hatari yake ni ndogo zaidi, ingawa bado moto na sigara vikae mbali. Paka na brashi ya rangi ya zamani, acha inyonye nusu saa hivi, sugua, futa na matambara, rudia, na ukishaona chuma ndio sasa unaingia na maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Weka karatasi ya nailoni na mchanga ama maranda chini ili ule uchafu usiende kwa mtaro wa ploti, keretekea atakushukuru. Matambara ya mafuta usiyarundike pamoja kwa kona, yaanike yakauke moja moja, alafu uyatupe.

Kitu kimoja cha usafi ambacho watu hawasemi: breki. Ukifungua magurudumu utapata vumbi jeusi ndani ya ngoma, na breki shuu za miaka hiyo, pamoja na klachi, mara nyingi zilitengenezwa na asbestosi, zile nyuzi za mawe ambazo vumbi lake linadhuru mapafu. Usipulize na mdomo, usipulize na kompresa. Lowesha kwanza na maji ya sabuni, futa na tambara likiwa limelowa, tambara liingie mfuko na mfuko ufungwe utupwe. Vivyo hivyo na rangi yenyewe, rangi za enzi hizo nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, kwa hivyo ukifika wakati wa kusugua na msasa usugue ikiwa imelowa, watoto wa ploti wasiwe wanacheza hapo, na nguo za kazi zisichanganywe na nguo za mtoto kwa beseni moja.

Ukishamaliza kuosha, iache ikauke vizuri kwa kivuli chenye upepo, alafu keti chini nayo uisome. Hapa ndio mimi hupenda zaidi kwa kazi hii yote. Umesema juu ni buluu na chini kuna nyeupe. Hiyo nyeupe inaweza kuwa rangi ya kiwandani, Piaggio walikuwa na nyeupe yao waliyoiita Biancospino waliyoitumia sana miaka hiyo, ama inaweza kuwa ni praima tu ya mtu aliyeipaka buluu hapa Kenya. Usikisie. Toa kiti, toa tanki la mafuta (bolti zake ziko hapo hapo chini ya kiti, utatoa na mpira wa mafuta na ile fimbo ya kufungia), angalia kuta za ndani mahali tanki lilikuwa limekaa. Angalia pia ndani ya shavu la upande wa kushoto, na chini ya beji, na nyuma ya kile kifuniko cha honi hapo mbele. Wapaka rangi wa barabarani hawafikangi huko, kwa hivyo rangi unayoipata huko ndio ile pikipiki ilizaliwa nayo. Na mpigie mzee simu umuulize, wazee hukumbuka rangi ya pikipiki yao ya kwanza vizuri kuliko wanavyokumbuka bei yake.

Alafu ujue hiyo buluu ni rangi ya aina gani, juu hiyo inaamua kila kitu kitakachokuja juu yake. Chukua tambara jeupe, lowesha na thina ya NC, yaani ya ile rangi ya nitroselulosi inayokauka haraka, sugua mahali pamejificha, mfano chini ya kiti. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwa tambara, hiyo ni NC. Ikijikunja na kuvimba kama ngozi, hiyo ni rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango na mageti, na ukiipuliza NC ama 2K juu yake itakunjamana yote siku hiyo hiyo, lazima itoke kabisa. Isipofanya chochote, kuna uwezekano mkubwa ni 2K ya zamani imeshikana vizuri. Hii ni kazi ya dakika tano na inaokoa pesa nyingi sana.

Kama chini ya buluu kuna nyeupe ya kiwandani na sehemu kubwa bado iko, maoni yangu ni haya na ninayasema bila kusita: jaribu kuiokoa. Buluu ikiwa ni NC unaweza kuitoa polepole na tambara la thina na msasa laini wa 1500 ukiwa na maji, kipande kidogo kidogo, ukiona nyeupe inaanza kuja unapunguza nguvu, na ujaribu kwanza mahali pamejificha kwa sababu nyeupe ya chini nayo inaweza kuwa laini kwa thina. Ukishaifunua unapiga kompaundi ya kung'arishia kwa mkono alafu waksi. Itabaki na mikwaruzo, itabaki na alama mahali goti la mzee lilikuwa linagusa, na hiyo yote ni ya kweli. Rangi ya kiwandani ikishatolewa hairudi, unaweza kupuliza nyeupe mpya hata kesho lakini ile ya kwanza huwezi kuinunua popote. Lakini kama nyeupe imebaki madoa madoa na nusu ya bati ni kutu, basi hakuna haja ya kujilazimisha, piga rangi upya na uifanye vizuri.

Kutu. Chukua sumaku ndogo, ile ya spika iliyoharibika inatosha, uipitishe kwa sakafu, kwa ngao ya mbele na chini ya mashavu. Inaposhika kwa nguvu ni bati, inapoanguka ni fila ya mtu, na chini ya fila huwa kuna siri. Alafu uilaze kwa ubavu juu ya godoro kuukuu, uchukue kitu chenye ncha udunge sakafu kutoka chini, hasa pale stendi ya katikati imefungwa, pale pedali ya breki inapotoka, na kwenye zile bomba bapa zinazopita chini ya sakafu kuishika. Hizo hunasa maji na matope. Ikiwa ncha inapita, hapo panahitaji bati jipya, hakuna dawa ya kutu ya kuponya tundu.

Kwa kuchomelea usijaribu mwenyewe kama sio kazi yako. Uko Umoja, Kariobangi Light Industries ni hapo tu, kuna mafundi wa mabati huko wenye mikono ya ajabu. Ila umwambie mambo mawili: akichoma na gesi bati litajipinda, atumie ile mashine ya waya na achome nukta nukta akiacha lipoe, na kabla ya kukata sakafu ya zamani afunge chuma cha kushikilia ngao ya mbele na sehemu ya kiti, kwa sababu ukitoa sakafu yote bila hicho chuma bodi inafunguka kama mkasi na haitarudi mahali pake, gurudumu la mbele na la nyuma hayatafuatana tena. Sakafu mpya na spea zingine nyingi zinapatikana kutoka India kwa sababu Bajaj walitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio miaka ya 60, na ile Chetak yao iliyofuata ni ndugu wa damu wa hiyo yako. Uliza maduka ya spea ya Kirinyaga Road, lakini beba kile cha zamani ulinganishe hapo dukani, zingine zinahitaji kukunjwa kidogo ndio ziingie.

Vitu vidogo vya chuma vyenye kutu, bolti, stendi, springi, pedali, nenda agrovet ununue molasi ya ng'ombe. Changanya molasi kipimo kimoja na maji vipimo tisa kwa ndoo ya plastiki, zamisha vitu vyako, funika, usahau wiki moja ama mbili. Inakula kutu na kuacha chuma, haichomi mikono, ni rahisi, shida yake ni harufu na nzi kwa hivyo iwe mbali na mlango wa jirani. Lakini usitie kitu cha aluminiamu humo, italika, hivyo kabureta, usukani na vifuniko vya injini vikae mbali. Ukivitoa osha, kausha hapo hapo kwa jua na upake oili ama praima siku hiyo, chuma kilichosafishwa hivyo kinashika kutu upya kabla ya chai ya jioni. Tanki la mafuta unaweza kulisafisha kwa njia hiyo hiyo, ukitia nati chache ndani na kulitikisa, alafu suuza sana na ulipake oili ya 2T ndani. Na tanki likivuja, mtu asilichomee kabla halijaoshwa na sabuni na maji mara nyingi, mvuke wa petroli unabaki ndani ya tanki ambalo unaona ni kavu.

Kuhusu kupiga mchanga, yaani sandiblasti, mafundi wengi watakuambia ndio njia ya haraka. Kwa ringi na foki ya mbele sawa. Kwa mashavu na ngao ya mbele mimi sipendi, bati lake ni jembamba, presha ikizidi linapata joto na kujipinda mawimbi mawimbi ambayo hakuna mtu ataweza kunyoosha, na ule mchanga unaingia kwa handaki la katikati unakaa huko ukitoka kidogo kidogo kila ukipita barabara mbaya. Tumia dawa ya kutoa rangi, ile ya kupaka na brashi inavimbisha rangi, uwe nje kwenye hewa na glavu nzito, umalizie na msasa wa 80 penye pamebaki alafu 180 kulainisha.

Kabla ya praima yoyote, rudisha pikipiki pamoja ikiwa bati tupu. Ndio, fungia mashavu, madigadi, usukani, kiti, taa, ile raba ya ukingo wa ngao, kila kitu. Uone kama mashavu yanakaa na nafasi sawa, kama matundu ya skrubu yanalingana, kama sakafu mpya inaruhusu pedali kurudi. Kile hakifiti sasa hakitafiti na rangi, na kugonga nyundo ama kutoboa tundu kwenye rangi mpya kunauma sana. Wengi wanaruka hii hatua. Ukiniuliza hatua moja tu ya kutoruka kabisa, ni hii.

Fila iwe nyembamba, milimita moja mbili, bati linyooshwe kwanza. Na fila usiisugue na maji hata kama umeona kila fundi wa gereji za Grogan akifanya hivyo, ile fila inanyonya maji kama sponji, yanabaki ndani, na miezi baadaye rangi inavimba malengelenge. Isugue kavu, maski usoni. Juu ya bati tupu na fila praima bora ni ile ya epoksi ya vipimo viwili, inaziba unyevu, inashika. Ila zingatia vipande vya aluminiamu kama kichwa cha usukani, hivyo vinahitaji praima yake ya asidi ya kung'ata ama rangi itabanduka vipande kama ganda la yai, na usichanganye, epoksi haipendi kukaa juu ya ile ya asidi. Kwa hivyo bati liende na epoksi, aluminiamu iende na ya asidi na praima ya kawaida juu yake. Praima ikikauka nyunyiza rangi nyeusi kidogo sana ya kopo kwa mbali, alafu sugua na msasa wa 400 hadi 600 ukiwa na maji, penye nyeusi imebaki ni shimo, penye bati limetokea ni kilima.

Na kabla ya kila tabaka futa na dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa safi, tena uanze kufuta kabla ya kusugua na sio baada tu. Zile polishi za dashibodi na matairi zina silikoni, ukisugua juu yake msasa unaisukuma ndani na rangi itakuja na vishimo vidogo vya mviringo, mafundi wanaita macho ya samaki, na dawa yake ni kurudia.

Sasa swali lako la mwisho, upulize mwenyewe ama umwachie. Hapa naomba unisikilize vizuri. 2K ni rangi nzuri, ngumu, na haijali petroli. Hiyo ni muhimu kwa Vespa kwa sababu unaweka mafuta chini ya kiti na kila mara matone yanateremka kwa bodi, NC yatailainisha na kuacha doa. Lakini hadina ya 2K ina isosayaneti, na ukiipuliza hewani ukaivuta inaweza kukuletea pumu inayobaki na wewe maisha yote, kuna mafundi wazuri wa rangi walioacha kazi kwa sababu ya kifua hicho. Maski ya vumbi haizuii, ile ya kitambaa ndio kabisa. Inatakiwa maski ya kuletewa hewa safi kwa bomba, chumba cha kupulizia chenye feni ya kutoa hewa, suti na glavu. Kwa ploti ya Umoja, na watoto kwa ngazi na nguo za majirani kwa kamba na magari yamepaki hapo chini, 2K haifai kabisa, na hata kama ungekuwa peke yako ningekuambia hivyo hivyo.

Kwa hivyo mpango wangu kwako ni huu: wewe fanya kazi yote mpaka praima imesuguliwa na iko tayari, hiyo ndio sehemu kubwa na ndio inayoamua rangi itakaa miaka mingapi, alafu peleka bodi na vipande kwa mtu mwenye chumba cha kupulizia apulize 2K. Mwambie wazi hutaki aguse fila, hutaki aanze upya, unataka rangi tu, na uende siku hiyo uone anavyofuta kabla ya kupuliza. Vipande vidogo kama ringi, stendi na kifuniko cha feni unaweza kupuliza mwenyewe nyumbani na kopo za kawaida ama NC, asubuhi ambayo majirani hawajaanika nguo, kwa uwanja ulio wazi, maski ya chujio la kemikali usoni. Ringi za Vespa zilikuwa rangi ya fedha, kwa namba za Max Meyer, kampuni ya rangi ya Italia, ni 1.268.0983, mafundi wa rangi wanaojua Piaggio wataitambua, na kama hawana namba, fedha ya kawaida isiyo na chembe kubwa inakaribia sana.

Kwa kuchanganyisha rangi ya bodi beba kipande chenyewe chenye rangi ya asili iliyojificha kwa duka la rangi lenye mashine ya kusoma, lakini kwanza ukipige kompaundi mpaka ing'ae, kwa sababu mashine ikisoma rangi iliyofifia itakupa rangi iliyofifia. Paka kwa kikaratasi, kausha, ulinganishe nje kwa mwanga wa jua, usilinganishe chini ya tyubu ya duka. Na nunua ya kutosha mara moja pamoja na akiba kidogo, mchanganyiko wa pili huwa haufanani kabisa.

Wakati mzuri hapa Nairobi ni Januari na Februari ama Septemba hivi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na Julai ya baridi sikushauri, NC ikikutana na unyevu inageuka nyeupe kama ukungu na kompresa inatema maji kwa rangi, kama ni lazima basi kompresa iwe na kichujio cha maji na thina iwe ya polepole. Jua kali la saa sita nalo sio rafiki, juu inakauka ngozi na chini bado kuna thina inatafuta njia ya kutoka, unapata vipovu. Asubuhi saa nne hivi kwa kivuli, bunduki ya rangi umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia, tabaka jembamba tatu ni bora kuliko moja nene, dakika kumi na tano katikati.

2K utaishika kesho yake lakini usikimbilie kufunga beji na raba, iache wiki nzima, na waksi ngoja kama mwezi. Ndani ya lile handaki na kwenye zile bomba za sakafu nyunyiza waksi ya kuzuia kutu, baada ya rangi, sio kabla, na isiwe oili chafu ya injini maana inachuruzika kwa viungo na kula rangi. Unapofunga upya acha chuma kitupu pale waya wa athi unapogusa bodi, juu taa zisipowaka mara nyingi ni rangi mpya imeziba hapo.

Na ukiamua kurudi nyeupe ilhali logbuku ya mzee inasema buluu, rangi imeandikwa mle, kwa hivyo rekodi ibadilishwe NTSA, wale wa usajili wa magari, kabla hujaanza kuizungusha mjini, fanya hiyo pamoja na kuhamisha jina ili uende mara moja. Nitumie picha za ndani ya tanki na za chini ya sakafu ukishaosha, hizo mbili tu, nitakuambia kama hiyo nyeupe ni ya Piaggio na kama sakafu ni ya kukata.